UZI: Nani alichukua kazi ya seremala wa Kithimani?

1/ Kila msimu wa kampeni kuna hoja haikosi jukwaani: "Fanicha za nje zimeua mafundi wetu, tutazifungia." Anayepinga naye anajibu: "Mwananchi aachwe anunue cha bei nafuu." Pande zote zinapigiwa makofi, mkutano unaisha. Mimi nakaa Kithimani, hapa Yatta, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, na karakana za mbao nazipita kila siku. Hebu tufuate historia kidogo, bila kutaja mtu wala chama.

2/ Kwanza, Ukambani mbao si kitu kigeni. Wazee walikuwa na kigoda cha miguu mitatu kilichotiwa nakshi za waya. Mizinga ya nyuki ilichongwa kwa mukau, mti wa huku kwetu ambao mchwa hawauwezi kirahisi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge alirudi Wamunyu na ufundi wa kuchonga aliojifunza Tanganyika, na eneo zima likawa la wachongaji. Kwa hivyo anayesema shida ni watu wetu kukosa mikono, huyo tumuweke kando.

3/ Miaka ya kwanza ya uhuru fundi alikuwa na kinga. Bidhaa nyingi za nje ziliingia kwa leseni tu. Vijana waliokosa nafasi ya sekondari walifunzwa useremala kwenye politekniki za vijijini, ambazo makanisa yalianza kuzijenga miaka ya 1960. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likatoa ripoti kuhusu Kenya, likasema mafundi hawa wadogo, wale tunaowaita jua kali, wanazalisha na wanafaa kusaidiwa, si kufukuzwa.

4/ Halafu mlango ukafunguliwa. Waraka wa serikali wa 1986 ulielekeza uchumi kwenye soko huria, na kufikia 1993 leseni za kuagiza zilikuwa zimeondolewa kwa bidhaa nyingi. Katikati hapo, 1992, kulitoka waraka mwingine wa kuinua jua kali. Yaani mkono mmoja unaahidi kumsaidia fundi, mwingine unafungua bandari. Mwaka 2001 China ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani, na meza na kabati za MDF, yaani unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, zikazidi kujaa madukani.

5/ Sehemu hii ndiyo wanasiasa huruka. Mwaka 1999, kabla China haijaingia WTO, Kenya ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya serikali. Sababu ilikuwa ya haki kabisa: misitu ilikuwa imeporwa na mito inakauka. Lakini kampuni chache kubwa ziliruhusiwa kuendelea, na fundi mdogo hakuwa miongoni mwao. Marufuku nyingine ilikuja Februari 2018. Ilitangazwa ni ya siku 90. Ikaongezwa tena na tena hadi ilipotangazwa kuondolewa Julai 2023, na hata hapo ikaishia kortini.

6/ Kwa fundi hii inamaanisha nini? Saipresi inapanda bei. Mbao nzuri zinatoka Tanzania na Congo, na kila kilomita inalipiwa. Anabaki na mukima au mkaratusi wa shamba la jirani, uliopasuliwa juzi. Mbao za fanicha ya ndani zinafaa kukaushwa hadi unyevu ufike karibu asilimia 12. Kiwanda cha ng'ambo kina tanuri la kukaushia. Fundi wetu ana jua na mteja anayetaka kitanda Jumamosi. Miezi michache baadaye mlango wa kabati unapinda, na mteja anaapa hatarudi. Hakumkimbia fundi, alikimbia ubao mbichi.

7/ Sasa tuje kwa ushuru. Wengi hawajui kwamba tayari upo, tena mkubwa. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze 2005, fanicha za kutoka nje ya Jumuiya zilitozwa asilimia 25. Julai 2022 zikapandishwa hadi asilimia 35, na Kenya imeongeza ushuru wake mwingine juu ya huo. Tupige hesabu ya mfano: kabati la thamani ya Sh10,000 bandarini. Ushuru wa 25 ni Sh2,500, wa 35 ni Sh3,500. Tofauti ni Sh1,000. Hiyo elfu moja inamsaidia fundi, ndiyo. Lakini akipoteza mbao mbili kwa kupinda, msaada wote umeishia hapo. Na bawaba, kufuli na reli za droo anazonunua nyingi zinatoka nje vilevile.

8/ Pia tusiseme uongo: si kila mshindani anatoka ng'ambo. Vile viti vya plastiki vya harusi, matanga na hata mikutano ya siasa, vingi vinatengenezwa hapa hapa Kenya. Hakuna ushuru wa bandarini utakaovigusa.

9/ Basi ni nini kiliwahi kumpa fundi kazi? Tender. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilitenga Sh1.9 bilioni za madawati ya shule yatengenezwe na mafundi wa mashinani. Hakuna kontena lililofungiwa. Mnunuzi mkubwa aliamua tu kununua nyumbani. Lakini ulikuwa mpango wa dharura. Fundi hawezi kununua mashine kwa oda ya mara moja, wala hawezi kungoja malipo mwaka mzima huku mwenye mbao anamdai.

10/ Na mbao zitoke wapi? Turudi kwa mukau. Unavumilia ukame wetu, ubao wake unalinganishwa na mahogani, na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kituo cha Kitui, imefanya kazi miaka mingi na Wajapani kuboresha mbegu zake. Shida ni moja: unahitaji miaka 10 hadi 15 kukomaa. Hiyo ni mihula miwili au mitatu. Atakayekupa mche leo huenda asiwe kiongozi siku ya kuukata, na ndiyo maana ushuru una wapenzi wengi jukwaani kuliko miche.

11/ Kwa hivyo mgombea akija sokoni kusema atafungia fanicha za nje, msikilize, ushuru una kazi yake. Halafu muulize matatu. Madawati ya shule zetu yatanunuliwa kwa nani kila mwaka, na fundi atalipwa baada ya siku ngapi? Tanuri la kukaushia mbao la kutumiwa na mafundi wote litajengwa wapi hapa Yatta? Na miche ya mukau mingapi imo kwenye bajeti? Akirudia tu neno kontena, ujue bado hajafika kwenye karakana.