Wazee wa COBOL na kandarasi zao

Haya wasomaji, leo tuweke kando simu mpya tuzungumze juu ya wazee. Katika kazi yetu hii ya kuandika programu, ukifika miaka 40 unaanza kuitwa mzee. Mwaka wa 2007 Mark Zuckerberg, akiwa na miaka 22, alisimama pale Stanford akasema kwamba vijana ndio werevu zaidi. Na wakati huohuo mishahara, pensheni na akaunti za benki duniani zilikuwa zikitegemea COBOL, lugha iliyoanza kubuniwa 1959!

Mama aliyechangia sana mawazo ya lugha hiyo ni Grace Hopper. Jeshi la wanamaji la Marekani lilimstaafisha mwishoni mwa 1966 akiwa na miaka 60. Agosti 1967 wakamwita arudi kwa miezi sita tu, asaidie kuweka COBOL katika kiwango kimoja. Miezi sita ikageuka miaka 19. Alipoondoka 1986 alikuwa na miaka 79, na kampuni ya Digital ikamchukua kama mshauri hadi alipofariki 1992. Mwaka huohuo wa 1967 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa miaka 40 hadi 65 wasibaguliwe kwa umri. (Kwa hesabu hiyo mimi nimebakisha miaka 12.)

Hopper alikuwa na jina kubwa. Wenzake wa kawaida je? Hao ndio walioandika mwaka kwa tarakimu mbili, 67 badala ya 1967, kwa sababu nafasi ya kumbukumbu ilikuwa ghali mno. Mwaka wa 2000 ulipokaribia, 00 ingeweza kusomwa kama 1900, na wastaafu wengi wakaitwa kuja kurekebisha. Walilipwa vizuri, lakini kwa kandarasi. Kazi ilipoisha, kwaheri.

Halafu ikaja korona. Aprili 2020 watu waliopoteza kazi New Jersey walifurika kuomba fidia, na mitambo ya jimbo, yenye zaidi ya miaka 40, ikalemewa. Gavana Phil Murphy akatangaza hadharani kwamba wanahitaji watu wanaojua COBOL. Na alisema wa kujitolea, jamani! Ujuzi wa miaka 40, na unaombwa bure.

Japani walijaribu njia nyingine. Kizazi kikubwa kilichozaliwa 1947 hadi 1949 kilianza kufikisha miaka 60, umri wa kustaafu katika kampuni nyingi, mwaka wa 2007. Watu wa tarakilishi walihofia kwamba ujuzi wa mitambo mikubwa ya zamani ungeondoka nao. Sheria iliyorekebishwa 2004 ilianza kuwabana waajiri Aprili 2006: ondoa umri wa kustaafu, uongeze, au mwajiri upya mzee wako. Kampuni nyingi zilichagua hilo la tatu, maana hapo unaweza kumpa mtu yuleyule kandarasi ya mwaka mmoja na mshahara mdogo. Madereva wa malori walioajiriwa upya hivyo, kazi ileile kwa pesa kidogo, walikwenda mahakamani. Juni 2018 Mahakama ya Juu ilikubali sehemu kubwa ya punguzo hilo. Walichopata ni marupurupu machache tu. Kwa maoni yangu sheria ililinda kiti, ikasahau aliyekikalia.

Hapa kwetu serikali iliongeza umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka 55 hadi 60 mwaka wa 2009, na Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa umri. Sisi waandishi wa programu tuna mtihani wa ajabu: kijana na mzee, wote wanaweza kujikuta kwenye kandarasi ya miezi sita.

Mnaofanya kazi na wenzenu wa miaka 50 na zaidi, niambieni: wameajiriwa kwa kudumu, au nao wanangoja kandarasi ifanywe upya?