Mifupa Hii ni ya Nani?

Rubani wa ndege ya mabomu akipotea vitani, taifa lake aghalabu halimwachi. Marekani ina idara ya jeshi yenye maabara huko Hawaii, ambayo kazi yake ni kuchimbua mabaki ya ndege za Vita Kuu ya Pili, kukusanya meno na vipande vya mifupa, na kupima vinasaba vyake na vya ndugu wa upande wa mama, ili kijana aliyeanguka mwaka 1944 apate jina na kaburi. Huzisoma habari hizo hapa Mpanda, nikajiuliza: na wafu wetu je?

Kuna mmoja aliyetafutwa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani walirudishe fuvu lake katika miezi sita. Fikiri, msomaji: mkataba uliogawa dunia ukapata nafasi ya fuvu la Mhehe! (Haikuwa huruma tupu, Waingereza walitaka kuwaridhisha Wahehe na kuwaaibisha Wajerumani.) Miezi sita ikawa miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akakuta makumbusho yenye mafuvu yapatayo 2,000. Alichaguaje? Upana na urefu wa mafuvu ulilinganishwa na wa vichwa vya jamaa za Mkwawa, na moja likaonekana lina tundu la risasi. Mwaka 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, kule Kalenga. Sisemi si lake. Nasema tu kwamba kipimo cha upana wa kichwa hakimtambulishi mtu. Wangapi wana vichwa vya upana mmoja?

Kwa Wachaga mambo yalikwenda vingine. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na wazao wake wamekitafuta kichwa chake miaka mingi. Huko Berlin, watafiti walichunguza mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki, yaliyokusanywa zama za ukoloni. 202 kati yake yalionekana kutoka Tanzania. Machache yalipimwa vinasaba pamoja na mate ya watu wa Kilimanjaro, na Septemba 2023 ikatangazwa kuwa matatu yamepata ndugu walio hai. Moja lilikuwa limeandikwa neno «Akida», na akida huyo alikuwa mshauri wa Mangi Meli. Meli mwenyewe hakupatikana.

Lakini Mkwawa na Meli walikuwa watawala. Mpagazi je? Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, kila mmoja alikamata watu wa kubeba mizigo yake, na wengi wao waliuawa na njaa na kuhara kuliko risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawaahidi wafu kwamba watoto wao watawakumbuka kwa majina. Jina la mtu halimo hata moja.

Mjomba wa mama yangu alichukuliwa upagazi, hakurudi. Bibi alikataa matanga yasiwekwe, akisema hajaona mwili. Kwa hesabu ya maabara, mimi ndiye ndugu wanayemtaka: nyuzi za uzazi alizopewa na mama yake ndizo alizonazo bibi, akampa mama, akanipa mimi. Mate yangu yangetosha. Ila hakuna orodha iliyomtaja, wala ajuaye alianguka njia ipi. Mama alimpa mdogo wangu jina lake, na matanga hayajawekwa hadi leo.