Injini ya Kigoma ni Ile Yenye Fundi

Kabla ya injini yoyote, mzigo wa Ujiji, jirani na Kigoma, ulibebwa mabegani. Misafara ya pembe na watumwa ilitembea kwa miezi kati ya pwani na Ziwa Tanganyika, na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliikuta njia imekwisha kuchongwa na nyayo za wapagazi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo kila mashine iliyoletwa ziwani imepimwa kwa swali moja: ikiharibika hapa, mbali na bahari, nani ataitengeneza, na kwa spea zipi?

Wajerumani ndio waliolijibu mapema. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo elfu tano na kuunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Wakati huohuo, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kazi ya Thornycroft, kampuni iliyokuwa pia ikiunda malori ya jeshi. Injini zake zilikuwa za petroli, lakini kuzivusha boti hizo milima ya Katanga kulihitaji matrekta ya mvuke na maksai. Wajerumani walipolazimika kuizamisha Götzen Julai 1916, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendeshwa na mitambo ileile. Grisi iliyopakwa kwa mkono iliokoa kile ambacho jina la kiwanda lisingeweza kuokoa.

Dizeli ilikuwa tayari imezaliwa. Rudolf Diesel alifanikiwa kuikamilisha injini yake Augsburg mwaka 1897, katika karakana iliyokuja kujulikana kama MAN; mwaka 1924 kampuni hiyo ikaonyesha lori la dizeli. Hata hivyo malori mengi ya Vita vya Pili vya Dunia bado yalikunywa petroli. Majeshi yalihamia dizeli baadaye kwa sababu za wazi: mafuta yake hayalipuki ovyo, lita moja huenda mbali zaidi, haina plagi wala waya za kuwasha, na huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Liemba nayo ilivuliwa mvuke na kufungwa dizeli katika miaka ya 1970.

Barabarani majina yakawa mengi. Scania ilitoa V8 ya lita 14 na nguvu farasi 350 mwaka 1969, na malori yake yakaja kuunganishwa hapa nchini katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Kibaha hiyohiyo, Shirika la Nyumbu, lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, lilijaribu kuunda lori la Kitanzania. Tata ya Kihindi ilijifunza kwa Mercedes katika ubia ulioanza mwaka 1954. Kisha Fuso la Kijapani likaenea hadi jina lake likawa jina la lori la kati lolote. Howo za Kichina zilikuja na injini za ukoo wa Steyr ya Austria, na baadaye nyingine za teknolojia ya MAN. Ukichunguza, koo ni chache kuliko nembo zilizobandikwa usoni mwa lori.

Tofauti ya kweli hujitokeza gari linapozimika njiani Uvinza au Kasulu. Fuso la zamani likiingiza hewa kwenye mafuta, dereva hulegeza nati ya paipu, utingo husukuma pampu ya mkono, povu linakwisha, dizeli safi inatoka, safari inaendelea. Cummins ya Kimarekani ya zamani ina nguvu na hudumu, ila mfumo wake wa kupeleka mafuta hauko kama pampu ya Bosch waliyoizoea mafundi wengi. Aliyeizoea Bosch hukwama kwenye Cummins. Injini za leo za shinikizo kubwa na kompyuta hubana mafuta vizuri zaidi, lakini sensa ikifa hazisikilizi spana. Na dizeli chafu au yenye maji huziua nozeli zake haraka.

Kwa jeshi na misaada hesabu ni hiyohiyo. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikwama Kagunga, kijiji kilichokuwa hakifikiwi na lori, na Liemba yenye karne moja ndiyo iliyowapeleka Kigoma, ambako mabasi yaliwachukua hadi kambi ya Nyarugusu. Katika hali kama hiyo, msafara wenye magari ya aina tano unahitaji stoo tano za spea. Wenye ukoo mmoja wa injini hukopeshana pistoni, gasketi na pampu.

Reli ya kisasa ya umeme ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ilisainiwa mkataba Desemba 2022, lakini vijijini lori la dizeli halitaondoka karibuni. Ukiulizwa ipi bora, Scania hushinda kwa mvuto, Fuso kwa urahisi, Howo kwa bei. Kwa mwambao huu mshindi ni yule ambaye spea zake zipo mjini na fundi wake anaujua mfumo wa mafuta. Anayenunua malori kwa fedha za umma aanze kuuliza hayo mawili, ndipo aulize nguvu farasi.