Mkopo wa simu ukichelewa: wakusanyaji madeni wana mipaka

Wasikilizaji wengi hutaka kujua kama kampuni ya mikopo ya simu inaruhusiwa kumpigia shemeji yako, mwajiri au mwalimu wa watoto kwa sababu umechelewa kulipa. Hairuhusiwi. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuchukua nambari zilizo kwenye simu yako na kuwatumia wenyewe ujumbe kuhusu deni lako. Vitisho, matusi na kukuanika mtandaoni pia ni marufuku. Deni lenyewe linabaki palepale, hapo tusidanganyane.

Mtu akipiga na kusema askari wako njiani, muulize jina lake, kampuni yake na kiasi anachodai. Kazi ya polisi si kukusanya madeni. Kifungo cha madai kipo, lakini hutolewa kwa amri ya mahakama, si kwa simu ya saa mbili usiku.

Usifute ujumbe wake hata ukikuudhi. Upige picha, uandike tarehe na saa. Huo ndio ushahidi wako ukilalamika Benki Kuu au kwa Kamishna wa Kulinda Data, ambaye mwaka 2023 alizitoza faini kampuni za mikopo kwa kutumia vibaya nambari za watu.

Kisha taja kiasi unachoweza, hata shilingi 200 kwa wiki, na udai makubaliano kwa maandishi. Lipa kwa nambari ya paybill ya kampuni pekee, kamwe si kwa simu ya mkusanyaji.