Kanisa la Mkunazini Zanzibar: Lilijengwa Juu ya Soko la Watumwa

Ukifika Mji Mkongwe, Zanzibar, ulizia Mkunazini. Utaonyeshwa kanisa la mawe lenye mnara wa saa. Ni Kanisa Kuu la Anglikana, na hapo zamani watu waliuzwa kama mbuzi.

Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza. Wamisheni wa UMCA hawakukawia. Sehemu ya kiwanja walipewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Ibada ya kwanza ilisaliwa Krismasi ya 1877, mafundi wakiwa hawajamaliza kazi.

Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Kuta ni za mawe ya matumbawe, madirisha yana ncha juu kama makanisa ya Ulaya, ila kuna nakshi za Kiarabu pia. Sasa paa ndiyo habari yenyewe. Halina boriti wala mabati. Ni zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji, limepinda kama pipa lililopasuliwa katikati. Wapo waliotabiri kwamba litaporomoka. Mpaka leo lipo, na Steere, aliyefariki 1882, amezikwa nyuma ya altare.

Ndani kuna msalaba wa mti uliotoka Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Kwa msomaji wa Ihanda si mbali sana: unavuka Tunduma, unaingia Zambia.

Waongoza wageni watakuambia altare imesimama pale watumwa walipochapwa viboko. Watakuonyesha pia nguzo zilizowekwa juu chini, eti mafundi walikosea Steere akiwa safarini. Kisha watakushusha kwenye vyumba vya giza vya jengo la jirani, wakisema watumwa walifungiwa humo.

Hapo kwenye vyumba kuwa makini kidogo. Jengo lile lilijengwa na wamisheni wenyewe kwa ajili ya hospitali, soko likiwa limeshafungwa, ndiyo maana wapo wanahistoria wanaoitilia shaka hadithi hiyo. Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi. Waliouzwa hapo, wengi wakiwa wametembezwa kwa miguu kutoka bara, leo wanakumbukwa kwa sanamu tano zilizo shimoni nje ya kanisa, shingoni zimefungwa mnyororo.