Kuku Chotara: Maana ya Istilahi na Malezi ya Vifaranga Wake

Kuku chotara ni kuku aliyezaliwa na wazazi wa mbegu mbili tofauti, kila mbegu ikiwa imetunzwa peke yake kwa vizazi vingi bila kuchanganywa. Jogoo wa Rhode Island Red akimpanda tetea wa kienyeji wa aina ya Kuchi au Singamagazi, vifaranga wanaopatikana ni chotara. Kadhalika vifaranga wa jogoo huyo kwa tetea wa Plymouth Rock mwenye mistari, ingawa hapo wazazi wote wawili ni wa kigeni. Kinachohitajika ni wazazi wawe wa nasaba mbili zilizotengana. Ugeni au uenyeji wao haubadilishi kitu.

Neno lenyewe lilikuwa la watu kabla halijawa la mifugo. Aliitwa hivyo mtu ambaye baba na mama yake ni wa asili mbalimbali, na mara nyingine neno hilo lilibeba dharau. Katika kilimo dharau hiyo imetoweka kabisa: mahindi chotara, ng'ombe chotara na mbuzi chotara ni sifa njema sokoni. Kiswahili kina pia neno mahuluti, lakini hilo hutaja mchanganyiko wa kitu chochote, hata wa lugha au wa mitindo. Chotara lina wazo la kuzaliwa ndani yake, na ndiyo maana linafaa zaidi kwa kiumbe mwenye baba na mama.

Tatizo ni kwamba wauzaji wengi hulitumia kwa kuku wa namna tatu wasiofanana. Wa kwanza ni chotara halisi, zao la kwanza la mbegu mbili. Kuroiler, iliyotengenezwa India na kampuni ya Keggfarms kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, na Sasso ya Ufaransa, wako katika kundi hili: kampuni hutunza koo za wazazi, na mfugaji huuziwa zao la mwisho tu. Nchini Tanzania kuku hao wawili walijaribiwa mikononi mwa wafugaji wadogo katika mradi ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Wa pili ni kienyeji walioboreshwa, kama wale wa taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya KALRO kule Naivasha, Kenya. Hao walitokana na kuku wa kienyeji waliokusanywa sehemu mbalimbali za nchi, kisha wakachaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ukuaji na utagaji. Kuwaita chotara ni kosa, maana ubora wao umetokana na uchaguzi. Wa tatu ni kuku wa mchanganyiko, waliozaana ovyo kijijini na majogoo wa kila namna.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya kile kinachoitwa nguvu ya uchotara. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, George Shull, aliyekuwa akichunguza mahindi, alikipa mwaka 1914 jina la heterosisi, na jina hilo likaenea kwa wanyama pia. Maana yake ni kwamba mtoto wa nasaba mbili huushinda wastani wa wazazi wake. Mbegu inayozaana yenyewe kwa yenyewe hujikusanyia kasoro za kurithi, lakini kwa chotara kasoro za upande wa baba hufunikwa na urithi mzima wa upande wa mama, na kinyume chake. Lakini nguvu hiyo haigawanyiki sawa kwa sifa zote. Huonekana sana katika kuanguliwa, kuishi na kutaga, na hupungua katika uzito wa mwili, ambao kifaranga huurithi moja kwa moja kutoka kwa wazazi. Chotara wa jogoo mdogo na tetea mdogo hatakuwa mkubwa kwa sababu tu ni chotara.

Jambo ambalo wafugaji wengi huligundua kwa hasara ni kwamba nguvu hii hairithishwi kikamilifu. Majogoo na matetea chotara wakipandana wenyewe kwa wenyewe, kizazi cha pili hubaki na karibu nusu tu ya nguvu ya uchotara. Pamoja na hayo, sifa za mababu hujitenga na kujipanga upya, hata mama mmoja hutotoa mkubwa na mdogo, mtagaji hodari na mvivu. Tena matetea wengi chotara hawaatamii. Kuatamia na kutaga sana ni sifa zinazopingana, na wazalishaji wa mbegu kwa muda mrefu walichagua utagaji. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, maana hukatisha utagaji kila mara ili alalie na kulea. Chotara wa Kuroiler akilishwa vizuri anaweza kufika 150 na kuzidi. Kwa hiyo mwenye chotara hana budi kurudi kwenye kituo cha kutotolesha kila anapotaka kundi jipya.

Agizo la vifaranga wa siku moja linawezekana kwa sababu ya maumbile yao. Yai huanguliwa baada ya siku 21, na muda mfupi kabla ya kutoka kifaranga huvuta kiini kilichobaki na kukiingiza tumboni. Akiba hiyo humwezesha kuvumilia hadi saa 72 bila chakula wala maji. Uwezo huo usichukuliwe kama ruhusa ya kuchelewa: kila saa njiani humpunguzia mwili maji, na wanaofika wamechoka hawajifunzi kula haraka. Mambo mawili hushughulikiwa kituoni tu na hayawezi kufidiwa nyumbani. Moja ni chanjo ya Marek, ambayo hudungwa siku ya kuanguliwa. La pili ni afya ya koo za wazazi, kwa kuwa ugonjwa wa kuhara nyeupe hupitia ndani ya yai kutoka kwa mama hadi kwa mwana.

Mara nyingi vifaranga chotara huuzwa bila kuchambuliwa jinsia, na mnunuzi atarajie nusu kwa nusu. Baadhi ya machotara hujitambulisha wenyewe. Katika uzao wa jogoo wa Rhode Island Red na tetea wa Plymouth Rock mwenye mistari, madume huanguliwa na doa jeupe kichwani na majike hawana. Wazazi wakibadilishana nafasi, alama hiyo haitengani tena.

Bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwe imewashwa saa kadhaa kabla ya boksi la vifaranga kufika, ili maranda na maji visiwe baridi. Joto usawa wa vifaranga liwe nyuzi 32 hadi 35 kwa wiki ya kwanza, kisha lipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto husaidia, ila vifaranga wenyewe ni mashahidi bora zaidi: wakirundikana chini ya taa au jiko wana baridi, wakikimbilia pembeni wakiwa midomo wazi wana joto, wakitawanyika sawasawa huku wakila wametulia. Wanywe maji kwanza, kisha walishwe chakula cha vifaranga chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Pembe za bruda ziwe za mviringo, kwa sababu vifaranga wakirundikana kwenye kona hufa.

Chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, kwa kawaida hutolewa karibu siku ya 7 na kurudiwa. Gumboro karibu siku ya 14. Ndui baadaye, kuku wakiwa na wiki 6 hadi 8. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayotolewa kwa tone la jicho, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za ugonjwa huo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Uchotara hauwakingi kuku na mdondo. Ugonjwa ukiingia, kundi lisilochanjwa huangamia pamoja na kuku wa jirani.

Baada ya kuacha bruda, machotara wanaweza kutoka nje kujitafutia, lakini miili yao mikubwa haitoshelezwi na mchwa na majani. Wasipoongezewa chakula, utagaji unaotajwa katika matangazo hauonekani.

Anayeagiza amuulize muuzaji swali moja kabla ya kulipa: jogoo ni wa mbegu gani, na tetea ni wa mbegu gani? Muuzaji asiyeweza kujibu anauza kuku wa mchanganyiko, na hastahili kulipwa bei ya chotara.