Kuinuka kwa Sakafu za Vyumba vya Baridi: Mchango wa Stephen Taber, 1929–1930

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ardhi iliyoganda huinuka kwa kuwa maji hutanuka yanapogeuka barafu. Mnamo 1929 na 1930, mwanajiolojia Mmarekani Stephen Taber alidhihirisha vinginevyo: udongo uliojazwa benzeni, kimiminika kinachosinyaa kikiganda, nao uliinuka. Chanzo ni matabaka ya barafu yanayovuta maji kutoka chini na kunenepa, hasa katika udongo wenye chembe laini.

Ugunduzi huo unafafanua hatari iliyomo katika vyumba vinavyohifadhi vyakula kwenye nyuzi -18 za Selsiasi. Kihamijoto huchelewesha baridi tu. Baada ya miaka kadhaa ardhi huganda, na sakafu huinuka na kupasuka. Kwa hiyo, joto linalopitishwa chini ya sakafu kwa mabomba, nyaya za umeme au hewa lapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya msingi wa jengo.